Yule wa Jumapili na Mabuti ya Ndung'u

Alhamisi, katikati ya Machi.

Leo kuta zimetoka jasho tena. Anayeishi Guangzhou anaijua hali hii: joto linarudi kutoka kusini ghafla, nyumba bado ina baridi ya majira yaliyopita, na maji yanatiririka kwenye vigae kana kwamba mtu amevimwagia ndoo. Nimepangusa sakafu mara mbili kabla ya chai. Mashati niliyoyafua Jumatatu hayajakauka.

Hata hivyo niliamka na moyo mtulivu, na sasa, saa moja ya jioni, bado umetulia. Niko peke yangu nyumbani. Nimekula, nimeosha sahani yangu, na nimeketi kuandika kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba huu ni mwezi wangu wa saba hapa kwa binti yangu, Wanjiru, anayenunua viatu na kuvisafirisha hadi Nakuru. Nilikuja kwa miezi mitatu. Goti likahitaji kupasuliwa, likapasuliwa, na daktari amenikataza safari ndefu ya ndege hadi atakaponiruhusu. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo Wanjiru ni mama yangu, nami humwita Mama bila mzaha wowote. Ni desturi nzuri, ila ina athari zake. Mtoto ambaye ni mama yako ana haki ya kukukaripia.

Jumatatu ya wiki iliyopita alinipigia simu Ndung'u, mdogo wangu wa pekee, aliyeko kwetu Njoro, si mbali na Nakuru. Mimi na Ndung'u hatugombani. Hatuongei pia. Hukutana misibani, tukaulizana habari za ng'ombe, tukaagana. Nilipoliona jina lake kwenye simu nilidhani kuna aliyekufa.

Hakuna aliyekufa. Vidole vyake ndivyo vilivyokwisha.

"Vimekataa, Mwalimu," aliniambia. Tulizungumza Kikuyu, na hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili. "Vinashika kikombe, lakini nyuzi haviziwezi tena. Jumamosi ya wiki ijayo naimba mara ya mwisho, ukumbi wa sokoni, halafu natundika gitaa."

Ndung'u ameimba kwa gitaa moja, bila bendi, miaka hamsini. Alikuwa na mambo mawili ya kuniomba. La kwanza, mabuti marefu ya ngozi kama ya yule mwimbaji wake wa Kimarekani, ambayo Wanjiru angemletea kwa kuwa alikuwa anasafiri Alhamisi ya wiki hii. La pili lilikuwa hili:

"Niandikie habari za huyo Mmarekani. Dakika kumi, zisomwe kabla sijaanza. Kiswahili safi, aelewe kila mtu, Mkalenjin na Mkisii na Mluhya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikasema nitaandika.

"Na usimtukane," akasema.

Nilimwahidi kwamba sitamtukana. Simu ilipokatika nilikaa nikiitazama. Mtu ambaye huongea nami mara mbili kwa mwaka alikuwa ananijua vizuri sana.

Jina halisi la mwimbaji huyo linajulikana dunia nzima, lakini nyumbani kwetu halikuwahi kutamkwa. Tulimwita Yule wa Jumapili. Baba alikuwa na redio ya betri, na kila Jumapili tuliporudi kanisani palikuwa na kipindi cha nyimbo za Kimarekani: magitaa, fidla, na sauti za watu walioonekana kuwa wamesimama mahali pa wazi sana. Katikati ya sauti hizo zote kulikuwa na moja nzito, isiyo na haraka, inayoelekea kukwama kooni kabla ya kutoka. Mama aliendelea kumenya viazi. Baba alikuwa hajui hata neno moja la Kiingereza, lakini alisikiliza akiwa amevua kofia.

"Huyu ni mkulima," alisema siku moja.

Hakuna aliyemwambia hivyo. Alisikia tu katika sauti.

Ndung'u alikuwa na miaka kama saba. Alikaa chini, sikio limegusa kitambaa cha redio, mdomo wazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nikirekebisha Kiingereza cha mwimbaji kichwani mwangu, kwa maana kilikuwa kibovu.

Nilianza kuandika Jumanne ya wiki iliyopita. Nilisoma kwanza, kwa kuwa siandiki jambo nisilolijua. Nikagundua kwamba Baba alikuwa sahihi. Yule wa Jumapili alizaliwa kwenye shamba la pamba lisilokuwa lao. Wazazi wake walilima ardhi ya mtu mwingine na kumgawia mavuno, na yeye mwenyewe alichuma pamba hadi vidole vikachubuka, kabla havijawahi kugusa gitaa. Gitaa la kwanza lilikuwa la jirani. Alilishika kinyume, akafundishwa sauti tatu, na kwa miaka mingi hizo tatu zilimtosha.

Kituo kidogo cha redio kilimpa nafasi kati ya bei za mifugo na habari za mvua. Nafikiri hapo ndipo alipojifunza kuimba jinsi alivyoimba. Mtu anayesubiri kujua kama kesho kutanyesha hana muda wa madoido. Anataka maneno machache, yaliyo wazi, tena ya kweli. Yule wa Jumapili aliimba juu ya mama aliyezeeka, shamba lililouzwa, mtu aliyepanda treni akiacha nyumba nyuma yake, na mlevi anayejua kwamba ni mlevi. Aliimba kana kwamba anamweleza jirani aliye ng'ambo ya ua.

Santuri yake ya kwanza ilinunuliwa na watu wa kwao. Ya pili ilinunuliwa na nchi nzima. Akavaa kofia pana na mabuti marefu, akazunguka kwa basi usiku na mchana, akapata umaarufu ambao mtoto wa shamba la pamba hana pa kuuweka. Kisha yakaja yanayojulikana. Pombe. Ndoa iliyovunjika, na ya pili. Kumbi zilizojaa watu wakati yeye hakutokea. Mitindo mipya ikaja, na waliomtajirisha wakamwambia sauti yake imepitwa na wakati. Kwa miaka kadhaa aliimba kwenye maonyesho ya kilimo, karibu na mabanda ya nguruwe.

Halafu, akiwa mzee, akaingia kwenye chumba kimoja na gitaa moja, bila fidla wala waitikiaji, akarekodi nyimbo zake zilezile kwa sauti iliyochakaa. Vijana ambao wazazi wao walimtupa wakamsikiliza kana kwamba ni mgeni. Alikufa akiheshimiwa.

Nilimpa Wanjiru rasimu ya kwanza Jumamosi. Aliisoma akiwa amesimama, mswaki mdomoni.

"Baba," alisema alipoutoa, "hii ni ripoti ya mkaguzi wa shule. Alizaliwa, akarekodi, akalewa, akaacha, akafa. Anko ataimba nini baada ya hii, wimbo wa taifa?"

"Mambo yote yamo, Mama."

"Yamo. Lakini wewe humo. Ulikuwa chumba kimoja na hiyo redio, si ulikuwa?"

Niliandika rasimu ya pili, ikawa ndefu kuliko ya kwanza. Niliandika ya tatu, nikazungumzia athari zake kwetu: jinsi watu wa nyanda zetu za juu walivyomchukua mtu huyu na kumfanya mtu wao. Hilo nililijua bila kusoma. Watu walionyang'anywa mashamba, wakayarudia, wakayagawa hadi yakawa vipande vya leso, hawakuhitaji tafsiri ya wimbo wa shamba lililouzwa. Vijana walianza kupiga gitaa moja baa na harusini, kwanza kwa kumwiga, kisha kwa lugha zetu, na mwisho kwa maneno yao wenyewe. Hata leo huko Nakuru kuna usiku maalumu ambapo watu wazima wenye wajukuu huvaa kofia pana na kucheza kwa mabuti.

Rasimu hiyo ilikuwa bora. Ilikuwa pia ya uongo, kwa sababu ilizungumzia vijana wa nyanda za juu kana kwamba sikuwahi kuishi na mmoja wao.

Basi niandike hapa, kama nilivyokumbuka hadi leo asubuhi.

Baba alipokufa nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, na nyumba ikawa yangu kuiongoza. Ndung'u alikuwa kidato cha pili. Alikuwa ameshajitengenezea gitaa la debe na waya za breki za baiskeli, nami nilikuwa nimelivumilia. Likizo moja alichuma pareto kwenye shamba la mzungu mmoja huko Molo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi na gitaa halisi. Muhula ulipoanza, yeye hakurudi shuleni. Alisema ana sauti tatu na zinamtosha.

Sikumpiga. Ningempiga labda ingekuwa nafuu. Nilimweleza kwa sentensi kamili kwamba Yule wa Jumapili ni mlevi asiyejua hata lugha yake mwenyewe, na kwamba mtu akimfuata mlevi hufika baa. Kisha nikaingia jikoni, nikalivunja gitaa kwenye goti hili hili, nikaliingiza chini ya sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyokuwa motoni. Kuni zake zilikuwa kavu sana. Nyuzi zilikatika moja moja, kila moja kwa sauti yake.

Mama hakula.

Mimi nilitoka nje nikasahihisha madaftari hadi giza likaniondolea herufi. Asubuhi Ndung'u hakuwepo. Alirudi baada ya miezi minane akiwa na gitaa jingine, na tangu siku hiyo hakuniita kaka. Huniita Mwalimu, na akikasirika, Mwalimu Mkuu.

Aliimba. Alioa, akajenga, akasomesha watoto wanne, wote kwa gitaa. Hakuwa mlevi. Mimi nilifundisha mbali, Kitui, Kilifi, Busia, kisha nikarudi karibu, na katika miaka yote hiyo sikwenda kumsikiliza hata mara moja. Tulipomzika Mama aliimba kando ya kaburi. Wimbo ulipoanza nilikwenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Hilo ndilo ambalo rasimu ya tatu haikulisema. Nililala nalo siku nne.

Leo asubuhi tulikwenda Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla ya viatu, kuchukua mabuti. Nilivaa suti na tai, kama nifanyavyo ninapotoka nje ya nyumba, na Wanjiru alinishika mkono kwa sababu ya goti na mikokoteni. Mkokoteni wa Zhanxi haumsubiri mzee. Juu ya kila mlango zilining'inia kofia na mabuti ya Kimarekani, dazeni kwa dazeni. Ndipo nilipoelewa kwamba Wamarekani wetu wa Nakuru huvikwa na mtaa huu.

Kuna jinsi ambavyo wafanyabiashara wetu huchukua vipimo vya viatu. Mteja aliye nyumbani hukanyaga karatasi, mtu akauzungushia mguu wake kalamu, kisha karatasi ikakunjwa na kupewa msafiri. Wanjiru ana faili zima la nyayo: nyayo za maharusi, za wachungaji, za mtoto mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ndung'u alichora mguu wake nyuma ya kalenda. Ila kwa haraka ya wiki hii hakuituma karatasi yenyewe. Aliipiga picha akaituma kwa simu, na Wanjiru, akiwa na wateja kumi kwa wakati mmoja, akaichapisha dukani na kuipima kama anavyopima nyingine zote. Hakufikiri kwamba mashine huupunguza mguu ili uenee kwenye karatasi.

Mabuti yalikuwa juu ya kioo cha meza, ya rangi ya kahawa iliyokolea, yameshonwa maua ubavuni. Niliyatazama mara moja.

"Mama, huu si mguu wa Ndung'u."

"Thelathini na tisa. Karatasi ndiyo hii."

"Karatasi inadanganya. Huyu ni arobaini na tatu."

"Umejuaje? Lini umeuona mguu wa Anko?"

Kwao ilikuwa saa kumi ya alfajiri. Tulimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Ndege ilikuwa jioni. Hakukuwa na mwingine wa kuulizwa ila mimi.

Nilimweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Baba alitununulia jozi moja ya viatu vya shule, kwa kuwa jozi mbili hazikuwezekana. Mimi nilivivaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa; Ndung'u Jumanne na Alhamisi. Nilimzidi kwa miaka mitatu lakini miguu yake ilinifikia upesi, na kuanzia hapo tulilingana hadi kwenye kidole gumba. Hata siku ya kumzika Mama, udongo ulipokuwa tope, alivua buti zake za mpira akaziweka mbele yangu, akabaki peku. Zilinienea kabisa, nami huvaa arobaini na tatu. Nilizivaa nilipokuwa nikipanga vile viti.

Wanjiru aliacha kunishika mkono. Akamgeukia mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani yenye mkufu, ambaye kila mtu humwita laoban, yaani tajiri. Akamwomba arobaini na tatu.

"Meiyou," akasema laoban. Hakuna. Ni neno la kwanza ambalo mtu wetu hujifunza hapa. Katoni za jumla zilikuwa na namba hiyo lakini hafungui katoni kwa ajili ya jozi moja. Hata jozi hii ya kwanza alikuwa ameitoa kwa heshima ya Wanjiru, mteja wa miaka mingi. Arobaini na tatu iliyokuwapo ni ile ya mfano, iliyotundikwa ukutani, na ya mfano haiuzwi.

Walibishana. Mimi niliketi kwenye kigoda, nikavua viatu vyangu, nikaomba kwa kidole. Laoban aliyashusha mabuti labda ili tu nikae kimya. Niliyavaa. Nikasimama na suti yangu na tai yangu, nikatembea hadi mlangoni na kurudi, na visigino vikalia kwenye vigae vilivyoloa.

Laoban aliweka kikokotozi chini akacheka mpaka akashika meza.

"Anauliza kama wewe ni mwimbaji," Wanjiru alisema.

"Mwambie mimi ni mwalimu mstaafu."

"Anasema walimu wake hawakuvaa hivyo."

"Mwambie hata mimi sikuwaruhusu wangu."

Alitaka kujua basi ni ya nani. Wanjiru alimweleza: ya mdogo wangu, anaimba nyimbo za Mmarekani fulani, Jumamosi anastaafu. Akatafuta wimbo kwenye simu ili amwonyeshe ni Mmarekani gani. Sauti ile ikatoka, nzito, bila haraka, katikati ya kelele za mikokoteni. Laoban alivua miwani. Kisha, mdomo ukiwa umefungwa, akaanza kuufuata wimbo kwa pua, bila kukosea mahali popote.

Alimweleza Wanjiru, naye akanieleza. Alipokuwa msichana, katika mji mdogo ambao sikulishika jina lake, mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa na kaseti moja tu. Wimbo huo ulikuwamo. Aliwafundisha kwa huo, mwaka mzima. Maneno yote amesahau. Tuni imebaki.

Nilikaa tena kwenye kigoda. Mwalimu mwenzangu, ambaye sitamjua kamwe, alilipeleka darasani jambo lile lile ambalo mimi nililichoma jikoni.

Laoban aliyafunga mabuti ya mfano kwenye karatasi akiwa bado anaimba kwa pua. Hakusema meiyou tena.

Tulipofika nyumbani niliandika rasimu ya nne kwa saa moja na nusu, kwa mkono, na sikufuta sana. Habari za Yule wa Jumapili nilizipunguza: pamba, redio ya bei za mifugo, kuanguka, chumba kimoja na gitaa moja. Mwisho wake niliandika hivi:

"Mtu huyu hakuwahi kufika Njoro. Lakini Jumapili moja sauti yake iliingia katika nyumba yetu, na mvulana wa miaka saba akaweka sikio kwenye redio. Mvulana huyo ndiye mnayemsikiliza leo. Kaka yake mkubwa alikuwa chumba hicho hicho na hakusikia kitu. Alipokua akalivunja gitaa la mdogo wake na kulipikia githeri, na usiku ule hakuna aliyekula. Mimi ndiye kaka huyo. Nilisema kwamba nyimbo hizi humfikisha mtu baa. Zimemfikisha Ndung'u hapa, mbele yenu, akiwa na watoto wanne waliosoma na jina safi. Nilikosea, naye anajua kwamba si kawaida yangu kuliandika neno hilo. Ninamwomba radhi."

Wanjiru alisoma, safari hii akiwa ameketi. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Siwezi kusoma hii mbele ya watu bila Anko kujua. Ni maisha yake."

Alikuwa na haki. Ningemvamia mtu kwa radhi kama nilivyomvamia kwa hasira. Tuliipiga picha karatasi ya mwisho tukamtumia. Nilimwandikia chini yake: Ukikataa, nitaitoa.

Njoro ilikuwa saa mbili ya asubuhi. Nilipangusa kuta. Wanjiru alifunga mizigo, akapima sanduku, akatoa kilo mbili za makubazi, akapima tena. Mabuti aliyaweka katikati ya nguo zake. Saa tisa hapakuwa na jibu. Saa tisa na nusu niliichukua karatasi ile mezani, nikaishika tayari kuichana, kwa kuwa niliona nimemharibia mtu siku yake ya mwisho ya kazi.

Simu ililia. Ujumbe wa sauti. Wanjiru alitaka kutoka nje ya chumba, nikamwambia abaki.

"Mwalimu Mkuu," alianza Ndung'u, nami nikadhani amekasirika. "Nimesomewa karatasi yako na mama watoto, asubuhi macho yangu hayafai. Ni nzuri. Ina kosa moja. Haikuwa githeri, yalikuwa maharagwe. Sahihisha."

Akakohoa. Nyuma yake jogoo aliwika.

"Halafu umeandika hakuna aliyekula. Wewe ulitoka nje, utajuaje? Mama ndiye hakula. Mimi nilikula sahani mbili. Nilikuwa na njaa, na kuni zilikuwa zangu."

Wanjiru aliweka mkono mdomoni.

"Hii habari Njoro nzima inaijua. Huwa naisimulia kabla ya wimbo wa mwisho, kila mahali ninapoimba. Maharagwe yaliyopikwa kwa gitaa. Nawaambia tangu siku ile yapo tumboni, ndiyo maana sauti haiishi. Wanacheka mpaka wanaegemeana. Miaka yote hiyo, kaka. Ungekuja hata siku moja ungeisikia."

Jogoo aliwika tena. Nilidhani ujumbe umekwisha.

"Hilo neno la mwisho liache lilivyo. Msichana alisome. Ila alisome polepole, maana wakisikia tu sufuria wataanza kucheka, watalikosa."

Nilimwomba Wanjiru anirudishie ujumbe huo tangu mwanzo. Aliurudisha mara tatu. Mara ya tatu nilisikiliza mahali pamoja tu.

Ameniita kaka.

Nimebeba sufuria ile miaka hamsini nikidhani ni siri yetu wawili. Kumbe yeye aliishusha zamani, akawagawia watu, kila mtu akaonja isipokuwa mimi. Hakuna aliyeniambia. Nani angemwambia mwalimu mkuu hadithi kama hiyo? Mlango wa kuisikia ulikuwa mmoja, na pale mlangoni mimi sikutaka kuonekana.

Sina huzuni kwa hilo, au nina kidogo. Zaidi ninajisikia kama mtu aliyerudishiwa daftari lake na kukuta kwamba msahihishaji alikuwa mpole kuliko yeye.

Nilisahihisha. Nilikata githeri kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake nikaandika maharagwe. Nilikata na "hakuna aliyekula," nikaandika "Mama hakula." Karatasi ikawa na makovu mawili, na zamani ningeiandika upya yote. Sikuiandika upya. Niliikunja nikaitia ndani ya buti la kushoto, ili kabla ya kwenda ukumbini Ndung'u aikute pale mguu wake unapoingia.

Saa kumi na moja Wanjiru alishuka na masanduku yake kwenda kupanda treni ya metro hadi uwanja wa ndege wa Baiyun. Mlangoni alinitengenezea tai, kama mama anavyompeleka mtoto shule.

"Jumamosi nitakushikia simu juu," alisema. "Usilale."

"Mama, itakuwa saa moja ya jioni huku. Silali saa moja."

"Na usirekebishe Kiingereza cha Anko."

Nilimwahidi. Ni ahadi yangu ya pili ya aina hiyo katika wiki mbili.

Sasa nyumba ni kimya na kuta zinaanza kukauka. Nimejiuliza kama kuna wimbo wowote wa Yule wa Jumapili ninaoujua wote, mwanzo hadi mwisho. Upo mmoja. Ninaujua wote, pamoja na makosa yake, na sikumbuki siku niliyojifunza. Lazima nami niliweka sikio mahali fulani.

Jumamosi nitavaa suti, niketi mbele ya simu, na Ndung'u anapofika pale pa sufuria nitacheka pamoja na watu wa Njoro, hata kama ni peke yangu kwenye ghorofa ya kumi na moja.

Kesho ni Ijumaa. Nitaloweka maharagwe.